Amina ya Mapema

Kwenye gereji ya Wakili kazi haikuisha kwa kukaza nati ya mwisho. Iliisha kwa amina. Gari likishapona, fundi aliyelitengeneza alisema "tayari" kwa sauti ya kusikika mpaka getini, mafundi wengine wakaacha walichoshika, wakaja na mikono yao myeusi kuiweka juu ya boneti, na Wakili akaomba: wanaopanda wafike, na wakifika washuke kwa miguu yao wenyewe. Wakishaitikia amina, dereva aliwasha. Kabla ya hapo hakuna aliyethubutu kugusa ufunguo, hata angekuwa mkubwa wa namna gani.

Jina la Wakili alipewa na watu. Tangu siku aliyofungua gereji, kila aliyemwita mwenye mali alimkatiza: "Mwenye mali yuko juu. Mimi wakili tu, siku moja nitaulizwa." Wahuni wa mtaani walicheka, wakili gani huyu anakwenda kazini na ovaroli, lakini magari yao waliyapeleka kwake. Hakuwahi kufunga spea kuukuu akasema ni mpya. Mjane akitangulia foleni, tajiri alisubiri. Na madereva aliwafundisha bure kabisa: ukishika usukani, simu izime, itupe kwenye droo. Yote hayo yalikuwa mambo mema, na ni hayo hayo yaliyokuja kumkaba shingo.

Jumamosi ile, jua la saa tano likichoma mabati, basi la kwaya lilikuwa juu ya shimo. Chini yake alikuwa fundi wa breki, mzee waliyemwita Kimya, kwa kuwa maneno yake ya wiki nzima yangeenea kwenye kisanduku cha kiberiti. Alikuwa amebadilisha mpira wa breki wa nyuma. Zilibaki washa mbili za shaba za kuziba kiungo mafuta yasivuje, na zilizokuwamo stoo zilikuwa kubwa mno. Basi akaifunga nati kwa vidole tu, ili vumbi lisiingie, akapanda kutoka shimoni, akafuta spana zake moja moja kama kawaida yake, akazilaza juu ya kitambaa, akatokea mlango wa nyuma kwenda dukani. Hakumuaga mtu. Kimya hakuwa mtu wa kuaga.

Hakupita muda Mchungaji akaingia getini na wanakwaya thelathini nyuma yake, wamekwisha kuvaa majoho. Katikati yao alikuwa binti wa Wakili, mtoto wake wa pekee, mwimbaji wa sauti ya kwanza.

"Ndugu yangu, tumechelewa," alisema Mchungaji. "Saa nane tunatakiwa ng'ambo ya mlima, kanisa jipya linafunguliwa. Wageni wote wameshafika, imebaki kwaya tu."

Wakili alichungulia shimoni. Hapakuwa na mtu. Akaziona spana zimefutwa, zimelala kwenye kitambaa. Kimya hafuti spana kabla ya kumaliza, alijiambia, na hilo halikuwa kweli. Kimya alifuta spana kila alipotoka shimoni, hata akienda chooni. Wakili aliyajua hayo kwa miaka. Lakini mchungaji wako akisimama mbele yako anaangalia saa, unajua unachotaka kujua.

"Tuombe," Mchungaji alisema. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya boneti.

Binti akamsogelea baba yake. "Baba, fundi amesema tayari? Sijamsikia."

"Huyo akisema tayari ni kama amekohoa. Panda, mama, mtachelewa."

Wakaomba. Mafundi waliposikia maombi walikuja mbio, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyesikia neno la Kimya. Amina ilikuwa kubwa kuliko siku zote, maana ilikuwa ya kwaya nzima. Mchungaji naye akapanda, dereva akawasha, basi likarudi nyuma taratibu, likatoka getini watu wakiimba.

Methali ya haraka na baraka imeandikwa nyuma ya magari mengi, pamoja na yale yaliyopinduka.

Kimya alirudi baada ya robo saa, washa mbili mkononi. Akasimama ukingoni mwa shimo tupu.

"Basi liko wapi?"

Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo, na Wakili akasogea kumjibu.

"Limeondoka. Tumeliombea."

"Nati nimeifunga kwa vidole," Kimya alisema. "Kila akikanyaga breki, mafuta yatatoka. Kidogo, halafu kidogo. Atakanyaga mara hamsini, pengine sitini. Baada ya hapo mguu utafika chini hakuna kitu."

Kutoka gereji mpaka mwanzo wa mlima palikuwa na taa saba za kuongozea magari, matuta kumi na moja na soko. Wakili alijaribu kuhesabu, akaacha. Kupanda mlima hakumalizi breki. Kushuka ng'ambo ya pili ndiko kunakozitaka zote.

Akampigia binti yake. Simu ilikuwa imezimwa. Mchungaji alikuwa na desturi ya kukusanya simu zote, hata yake, kwenye mfuko kabla ya ibada, watu watulize roho. Akampigia dereva. Imezimwa. Wakili alijua iko wapi hata bila kuambiwa: kwenye droo.

Wakaingia kwenye lori la kuvutia magari mabovu, Wakili kwenye usukani, Kimya pembeni ameshika kofia magotini. Kwenye tuta la kwanza waliona tone jeusi barabarani, dogo kama kifungo cha shati. Kwenye taa za pili, matone matatu. Sokoni, alama ya upana wa sahani, na mbwa alikuwa akiinusa. Wakili hakuomba. Kila alipofungua mdomo aliisikia amina ile, akaufunga.

Walipofika juu kabisa ya mlima, penye kibao kinachowataka madereva washuke kwa gia ndogo, palikuwa na dimbwi. Basi lilikuwa limesimama pale kupisha malori, kisha likaondoka. Kimya alilitazama dimbwi mpaka likabaki nyuma yao.

"Yameisha," alisema.

Waliliona kwenye kona ya tatu. Taa zake nyekundu za breki ziliwaka bila kuzimika, na bado basi lilizidi kukimbia. Moshi wa breki ya mkono ulitoka kwenye magurudumu ya nyuma. Kioo cha nyuma kilijaa majoho yamesimama, na hakuna aliyekuwa akiimba.

Wakili alipiga honi, akapita upande wa bonde, magurudumu yakimwaga kokoto chini. Akaingia mbele ya basi, akaondoa mguu kwenye mafuta. Alilingoja. Pigo la kwanza lilimrusha kifua kwenye usukani. La pili likavunja kreni ya nyuma, na basi likakaa mgongoni kwa lori, vikashuka pamoja huku yeye akikanyaga breki kwa miguu yote miwili.

"Gia ya pili," Kimya alisema. "Sasa ya kwanza. Egemea ukuta."

Lori likaukwaruza mwamba wa kando ya barabara kwa mita mia nzima, likasimama.

Walitoka mmoja mmoja. Dereva alikaa chini kwenye lami. Mmoja alivunjika mkono, wengine walichubuka. Binti alikuwa na damu mdomoni. Hakufa mtu.

Mama mmoja wa kwaya aliinamia viatu vya Wakili analia. "Umetuokoa, baba. Ulijuaje? Ni Roho tu amekuambia!"

"Mungu amemtuma mtumishi wake," alisema Mchungaji, akaweka mkono begani mwa Wakili, mkono ule ule. "Wapendwa, tuombe, tushukuru."

Vichwa vikainama. Wakili alimtazama Kimya, na Kimya alikuwa akitazama lami. Huyu asingesema kamwe, angezikwa na siri hiyo. Amina moja tu na mambo yangekwisha, na Jumapili yangekuwa ushuhuda madhabahuni. Wakili aliitaka amina ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote maishani, na aliona aibu kwa jinsi alivyoitaka.

"Msiitikie," alisema.

Akachukua washa kutoka mkononi mwa Kimya, akazinyoosha mbele yao kwenye kiganja. "Hizi zilitakiwa kuwa ndani ya breki zenu. Fundi alikuwa amekwenda kuzinunua. Hakusema tayari. Nilijua sijamsikia, nikawaombea na kuwaruhusu."

Upepo wa mlima ulipeperusha majoho. Mama yule akainuka polepole kutoka viatuni pake, akarudi nyuma hatua mbili. Binti alipangusa damu kwa mkono wa joho, akaja mpaka karibu.

"Nilikuuliza, Baba."

"Uliniuliza, mama."

Mkono wa Mchungaji ukaondoka begani mwake. Walisimama vile muda mrefu, watu thelathini na wachache, na hakuna aliyesema amina.