Mwenye Fimbo

Médiatrice anasoma mambo ya kale chuo kikuu, na wiki nzima kabla ya posa yake alinisumbua na maiti wa Ulaya. Ni kaburi la Waviking, wapiganaji wa zamani wa kule Sweden. Ndani kuna mifupa, upanga, shoka, mishale na farasi wawili. Kwa zaidi ya miaka mia wataalamu walisema huyu ni jemadari, mwanamume kabisa. Walipokuja kuipima mifupa, kumbe mwanamke.

"Na bado, tantine, iko wengine wanasema labda silaha si zake," aliniambia mimi shangazi yake.

Nilicheka huku nikimsuka mteja. Kisha nikakasirika, maana nilikumbuka Jumamosi, siku ya posa.

Kwetu Warundi binti haombwi kwa mwanamke. Lazima awepo msemaji wa kiume, akae kiti cha mbele na fimbo mkononi. Baba yake Médiatrice, kaka yangu, alifariki binti akiwa mchanga. Nimemlea mimi, huku ugenini, humu humu katika flati yetu ya Albert Park. Lakini msemaji aliyepangwa ni mdogo wangu Anaclet, anayefanya kazi kiwandani kule Jacobs, ambaye hajui hata binti anasoma nini. Nikamwambia fimbo nashika mimi. Nadhani alifurahi, angekula kwa raha.

Wageni wakaingia, wakakaa. Msemaji wao, Mzee Ciza, akaitazama fimbo mkononi mwangu, akatabasamu kwa heshima, akageukia mlango. Nasi tukautazama. Fanta zikapata joto.

"Pardon, mama," akasema hatimaye. "Mwenye fimbo iko njiani? Tutamungoja, hakuna shida. Hata robot ya pale chini, ile taa ya magari, haifanye kazi leo."

"Mwenye fimbo amekaa mbele yako, mzee. Sema."

Anaclet akaacha kutafuna. Mzee Ciza akawatazama wenzake, akavua kofia, akaanza. Alisema vizuri, siwezi kumnyima sifa. Mwisho akaniuliza mimi, si mwingine:

"Mama, unatupa binti?"

Swali hilo ndilo nililolipigania. Jibu sikuwa nimelifikiria. Nikaiona flati bila yeye, moyo ukaniuma.

"Sitoi," nikasema, na nilimaanisha.

Wageni wakapiga makofi. Walidhani napandisha mahari.

"Eish, huyu mama anajua kazi," Mzee Ciza akawaambia wenzake kwa furaha, akaongeza ng'ombe mwingine, nami nikashindwa kuwaeleza kwa kuwa nilikuwa nalia.