Watu Tisa Waliojua

Katika miezi yake ya mwisho, dada yangu Murdena alitaka jambo moja tu: mama yetu asisikie habari ya ugonjwa wake kwa mtu mwingine. Alitaka amwambie mwenyewe, siku atakayokuwa tayari. Kwenye pwani yetu ya Cape Breton, huko Kanada, hilo ni sawa na kuomba theluji isianguke Februari.

Baba alipokufa kwa ugonjwa wa moyo, Mama alikuwa dukani ananunua unga. Hospitali ilikuwa bado haijatuma mtu nyumbani. Mwanamke mmoja akamshika mkono, akasema, "Pole kwa msiba, Sarah Ann." Mama akadhani ni mbwa wetu, aliyekufa wiki ile ile. Akajibu, "Ah, alikuwa mzee, na alishaanza kuuma watoto." Murdena alikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi na miwili. Tulikuwa tumesimama pale pale, tumeshika mifuko.

Nadhani ndiyo maana, baada ya miaka ishirini na miwili ya uuguzi, Murdena alikubali kazi ambayo wenzake waliikwepa: kuwafundisha wafanyakazi wote wa hospitali yetu ndogo usalama wa mgonjwa na utunzaji wa siri zake. Wote kabisa, hata sisi wa jikoni tunaopeleka sinia za chakula wodini.

Kilichowashtua wakubwa ni kisa cha Dan Alex. Kwetu majina ni machache kuliko watu, kwa hiyo kila mtu ana lakabu, na lakabu hurithiwa. Wakalazwa Dan Alex Morrison wawili, mtu na mtoto wa kaka yake. Muuguzi akaita, "Dan Alex wa Kinu!" Wote wawili ni wa Kinu, kwa sababu ya babu wa ukoo wao aliyekuwa na kinu cha kusaga. Aliyeitika akapewa dawa ya mwenzake ya kuzuia damu isigande, akatokwa damu puani siku mbili.

Basi tukakusanywa chumba cha chakula. Murdena akaandika ubaoni: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa. Kila mara, kwa kila mtu.

Hughena, muuguzi ambaye habari zote za pwani zilipita kwake kama posta, akainua mkono. "Murdena, mpenzi wangu, yaani nimwulize Dan Alex amezaliwa lini? Mimi ndiye niliyempakata siku ya ubatizo!"

"Vizuri. Akikosea utajua."

"Na mama yangu mzazi je?" akauliza Norman Dan, anayesukuma vitanda.

"Mama yako kwanza kabisa. Mwaka jana ulisahau siku yake ya kuzaliwa. Alinilalamikia mimi."

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Murdena akangoja, kisha akawasimulia habari ya Baba, na unga, na mbwa. Hakuna aliyecheka tena.

Akatwambia ukifungua faili la mtu usiyemhudumia, kompyuta inaandika jina lako na saa uliyofungua. Lakini kompyuta haifuati mtu dukani, akasema. Huko ni wewe na ulimi wako. Akatupa jibu moja la kumpa yeyote anayeuliza habari za mgonjwa: "Hilo si langu kusema."

"Hata kama mtu kavunjika kidole tu?" akauliza Hughena.

"Hata kidole. Mkinyamaza kwenye makubwa peke yake, kunyamaza kwenu kutakuwa ndiyo habari yenyewe."

Akatupanga wawili wawili tufanye mazoezi. Mimi niliangukia kwa Norman Dan. "Cassie," akaniuliza kwa sauti ya kichungaji, "supu ya leo ni ya nini?"

"Hilo si langu kusema."

Majira yale pwani nzima ilitucheka. Watu walituuliza kama kunanyesha, makusudi tu. Murdena hakujali. Kila baada ya miezi sita alirudi na ubao wake, na kila aliyeajiriwa alipita mikononi mwake kabla ya kumgusa mgonjwa.

Mwaka wa tatu, Jumapili moja ya Oktoba, aliniita garini kwake baada ya ibada. Akafunga dirisha.

"Nina saratani ya kongosho, Cassie. Tangu Agosti."

Nilichosema kilikuwa cha kijinga. "Agosti? Mimi niko jengo lile lile kila siku! Nani anajua?"

"Watu tisa hospitalini. Wewe wa kumi."

Akanitajia. Hughena alikuwamo. Norman Dan alikuwamo, yeye ndiye aliyemsukuma kwenda kupigwa picha. Norman Dan, ambaye kila Jumatano hunywa chai jikoni kwa Mama na kucheza naye karata!

"Mama atasikia kabla ya wiki kwisha," nikasema.

"Wiki kumi zimepita, na hata wewe hukusikia. Nipe mpaka Jumatatu ya wiki ijayo. Nataka kwanza daktari aniambie kama kuna matibabu, nisimpe Mama nusu ya habari."

Jumamosi ikawa chakula cha mchana cha kanisa, ukumbini. Mama alikaa mezani katikati ya watu, na mbele yake samaki wa chumvi na viazi. Mimi nilikuwa nikimimina chai.

"Norman Dan," Mama akasema kwa sauti, "Murdena wangu amekonda. Unamwona kila siku. Ana nini?"

Norman Dan aliendelea kupaka siagi kwenye mkate. "Hilo si langu kusema, Mama Sarah Ann."

"Haya, goti la mchungaji je?"

"Nalo pia si langu."

"Una faida gani wewe!" Akamgeukia Hughena. "Na wewe? Wewe uliyenipasha habari ya mimba ya binti wa postamasta kabla mwenyewe hajaijua!"

"Ee, mama," Hughena akasema, "hiyo ilikuwa zamani, kabla binti yako hajanishona mdomo. Hilo si langu kusema. Niongezee samaki."

Sauti yake haikupanda wala kushuka. Mama akamtazama Hughena, akamtazama Norman Dan, asipate kitu cha kushika. "Hospitali gani hii," akanung'unika. "Afadhali kuuliza ukuta."

Nilikwenda nyuma ya pazia la jukwaa nikalia. Nusu ya machozi yale yalikuwa ya fahari, sioni haya kusema.

Jumatatu saa nne asubuhi Murdena alikaa jikoni kwa Mama, nami nikasimama karibu na jiko. Alimweleza yote kwa maneno mepesi: ugonjwa, wapi umefika, kwamba dawa zingeweza kumpa muda tu. Mama hakulia. Aliikunja kona ya kitambaa cha meza, akaikunjua.

"Nani mwingine anajua?"

Murdena akamwambia.

"Norman Dan alikaa kwenye kiti hicho," Mama akasema polepole, "Jumatano hizi zote, akala keki yangu, akaniibia kwenye karata, na alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua, Mama."

"Na Hughena? Hughena!"

"Na Hughena."

Mama akatikisa kichwa. Kitu kama kicheko kikamtoka. "Basi ulifundisha, mwanangu. Ulifundisha hasa." Akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana, akaishika mikono ya Murdena yote miwili.

"Sasa anza tena mwanzo," akamwambia. "Nilikuwa nasikia kama muuguzi anazungumza. Niambie kama mwanangu."

Murdena akaanza upya. Nikazima moto chini ya birika lililokuwa likichemka ili Mama asikie vizuri.