Gari Lililomfuata Dada

Jumatatu asubuhi Dada alikuwa amelala chali chini ya Punje, akikwangua kutu kwenye sakafu kwa bisibisi butu. Punje lilikuwa gari la magurudumu matatu na viti viwili. Mlango wake ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa mbele, usoni kabisa, ukifunguka kama wa kabati. Lilikuwa na injini ya pistoni moja na umri wa miaka sitini na miwili. Mwenyewe, bibi mmoja aliyestaafu kazi ya kupiga chapa mahakamani, aliachiwa gari hilo na marehemu mumewe, na hakuna asubuhi aliyotoka nyumbani bila kulipangusa.

Bango la gereji lilikuwa na jina la mdogo wake Dada. Baba yao aliwafundisha kazi wote wawili; binti akaishika, kijana akapewa funguo. Mzee alisema watu hawaachi magari yao kwa mwanamke, na kwa kuwa alisema hivyo kwa upole, hakuna aliyembishia. Basi mdogo mtu akakaa mbele penye meza, akaitwa Fundi. Dada akakaa nyuma ya ukuta wa mabati, akaitwa Dada, hata na wateja waliomzidi umri.

Maradhi ya Punje aliyajua kama mama anavyojua homa za mwanawe. Msimu wa baridi cheche zilikataa mpaka apige msasa vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana kutoa moto. Oili ikizidi kwenye petroli, plagi ililowa. Waya wa klachi ulikatika kila baada ya miezi minne, palepale. Ekzosi iliziba masizi, naye akaivua na kuichoma motoni mpaka ikapumua. Vipuri vilikwisha kutengenezwa zamani, kwa hiyo mpira wa mlango aliutoa kwenye friji mbovu, na gasketi akaikata kwenye mkoba wa ngozi uliochakaa. Mafuta yakivuja, Fundi huwaambia wateja kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, nao hucheka. Dada huziba.

Mwaka wa saba wa kulihudumia, jioni moja alipofunga kazi, Punje lilimfuata nyumbani. Lilikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, hatua tatu nyuma, bila mtu ndani. Penye njia panda askari wa barabarani aliyazuia malori ili lipite. Dada alipofika kwake alilikagua, akaona breki ya kushoto imelegea, akaikaza, akaingia ndani kupika.

Tangu siku hiyo, kila lilipotoka gereji, halikukubali kwenda kwingine kabla ya kupita kwa Dada. Jirani alilalamika mara moja kwamba linaziba kamba yake ya nguo, likasogezwa. Yule bibi mpigachapa alizoea kuja asubuhi, kunywa chai ya Dada, kisha kuondoka na gari lake.

"Mume wangu alikuwa hivyohivyo," alisema siku moja. "Asiporidhika na aliyemshonea, nguo haivai."

Mwaka huo chama cha wenye magari ya zamani kilitangaza ngao kwa gari kongwe kuliko yote litakalozunguka uwanja wa shule bila kusukumwa. Fomu ilitaka jina la mwenye gari na jina la fundi, na fundi ndiye aendeshe. Fundi aliijaza mwenyewe mezani. Dada hakuuliza. Alikuwa nyuma, ameifungua kabureta na kuitandaza juu ya gazeti, anapuliza tundu moja baada ya jingine. Siku nne alifanya kazi hiyo bila kuitoa moyoni hata alipokuwa akila. Ijumaa alasiri aliliwasha, akaacha injini iungurume polepole, akaweka sarafu juu ya kifuniko cha injini ikiwa imesimama kwa ukingo. Sarafu haikuanguka. Akaitazama muda mrefu, peke yake.

Jumamosi uwanjani Fundi alivaa ovaroli mpya. Dada alisimama nje ya kamba, ameshika mkoba wa mpigachapa. Zamu ya Punje ilipofika, Fundi alivuta wenzo wa kuwashia mara tatu, injini ikakohoa na kunyamaza. Dada alijua: amekanyaga mafuta kabla ya wakati, plagi imelowa. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake tangu utotoni, kuwahi.

Dada alisogea hatua moja ili asikie vizuri. Punje likawaka. Liliuacha mstari wa chokaa, likazunguka uwanja mzima upande usio wake huku Fundi ameshika usukani usiomtii, likapita chini ya kamba na kusimama mbele ya Dada. Mlango ukafunguka. Fundi alikuwa ndani, magoti yamegusa kidevu.

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti wa chama alitazama kanuni zake, akasema hazikutaja gari lizunguke upande gani, kwa hiyo limeshinda. Kisha akamgeukia Dada kwa adabu.

"Mama, sogea kidogo, tumpige fundi picha."

"Fundi ndiye huyo unayemwambia asogee," alisema mpigachapa.

Mwenyekiti aliinua fomu. Alieleza kwamba nafasi ya fundi ni moja, na tayari imejazwa. Macho yote yakamwendea Fundi, ambaye alikuwa amekwisha kupokea ngao. Aliikumbatia kifuani. Dada alisogea. Sikio lake lilikuwa kwenye injini, na injini ilikuwa ikidunda sawasawa, bila kuruka hata pigo moja, mbele ya watu mia tatu.

Kurudi, Punje lilikataa mtu mwingine usukanini, ikabidi Dada aendeshe. Mpigachapa alikaa kitini, Fundi akajikunja nyuma, mahali pa mizigo, na ngao yake.

"Ningesema," alisema Fundi walipofika njia panda.

"Najua."

"Nilikuwa nimeshaishika."

Dada alimwambia aishike vizuri basi, isije ikakwaruza rangi.

Ngao ikatundikwa mbele, juu ya meza. Wateja wakaongezeka. Wiki ya pili alikuja mtu kutoka mbali na kigari kidogo cha kijani, akisema amesikia sifa za fundi wa hapa. Fundi alimkaribisha kiti, akaomba dakika moja, akaja nyuma ya mabati.

"Dada, kuna gari."

"Linalia vipi?"

Fundi akaiga mlio kwa mdomo. Alikuwa hodari wa kuiga. Dada alifumba macho, akasikiliza, akamwambia ni beringi ya gurudumu la nyuma, si giaboksi; asiruhusu mtu afungue giaboksi; na mteja asiliendeshe kurudi kwao kabla halijarekebishwa.

Fundi akarudi mbele. Kupitia mabati Dada alimsikia akiyasema yote kwa sauti nene, taratibu, kwa mpangilio uleule, na mteja akisema kweli wewe ni bingwa. Hakukosea hata neno. Dada alimjivunia, akanyoosha mkono kuchukua spana.