Mkono wa Kumimina

Fundi Saa alifiwa na mkewe miaka miwili iliyopita, na tangu hapo binti yake alimtembelea kila Jumamosi kama msoma mita. Anaingia, anaweka mezani mfuko wa mboga na dawa za presha, anauliza, "Hujambo, baba?" kisha huyo, ameshaondoka. Mkoba haushuki begani. Mzee alitaka kitu kimoja tu, binti akae naye japo saa moja. Lakini kuomba? Thubutu! Huyo ni mtu aliyetembea na jino bovu mwezi mzima, na ukimuuliza anasema hajambo.

Basi akatafuta kisingizio. Mjukuu wake, mtoto wa huyo binti, akila peremende za dukani zenye rangi anatoka vipele mwili mzima. Mzee akatangaza kwamba atamtengenezea mashmelo ya nyumbani, zile peremende laini kama povu, asali badala ya sukari, rangi ya bitiruti, basi. Marehemu alikuwa akiyatengeneza hivyohivyo: yeye anamimina, mume anapiga.

"Sasa mimi nina mikono miwili," akamwambia binti kwenye simu. "Mmoja unashika bakuli, mwingine unapiga kwa mchapo wa kupigia mayai. Nani amimine?"

Jumamosi binti akaja. Jelatini, ule unga wa kugandisha, ilikuwa imeshalowa kwenye bakuli, asali inatokota kwenye sufuria ndogo, harufu imefika hadi ngazini. Akashika sufuria, mkoba begani vilevile.

"Uzi mwembamba," mzee akasema, akaanza kupiga. "Usikatike."

Wakasimama bega kwa bega. Ili kupitisha muda, binti akaanza kusimulia habari za mkuu wao mpya wa kazi, anayewasalimia watu kwa barua pepe ilhali wamekaa chumba kimoja. Mzee akacheka mpaka mchapo ukamponyoka. Tangu msiba hawakuwahi kucheka pamoja. Akatupa jicho kwenye sufuria, asali imebaki nusu, roho ikamuuma.

"Punguza," akasema.

Binti akapunguza.

"Punguza tena."

Asali ikawa inadondoka tone moja moja. Ndani ya sufuria ikapoa, ikawa nzito. Kwenye bakuli jelatini nayo ikaanza kushikana mabonge, na kile kilichotakiwa kuumuka kama povu kikalala chini kama gundi. Mzee alikuwa anakiona waziwazi. Akaendelea kupiga.

Binti akaweka sufuria chini.

"Baba, mtu kama wewe sekunde haikupotei. Mashmelo umeyaharibu makusudi."

Mzee akajifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na kitu. Aibu ilimjaa usoni.

"Ulikuwa unakaribia kumaliza," akasema.

Binti akamwangalia, na polepole hasira ikamtoka.

"Si ungeniambia tu nikae?"

"Ungekaa?"

Binti akashika mkanda wa mkoba wake kwa mikono yote miwili.

"Nikikaa humu namtafuta mama," akasema. "Kila nikigeuka, namtafuta. Ndiyo maana nakimbia."

"Na mimi namtafuta," mzee akasema. "Ila mimi hapa ndipo kwangu, sina pa kukimbilia."