Harufu ya Doenjang

Gyeong-rye alikuwa ameifua suruali ile mara mbili na bado ilinuka doenjang, lile rojo la soya linalovundikwa mitungini nyuma ya kila nyumba kijijini kwao. Alidhani baba mkwe wake amejimwagia mchuzi. Mzee mwenyewe, Bae Deok-su, alikuwa amelala chumba cha ndani, sakafu imepashwa moto na bado anatetemeka, na tangu asubuhi alikuwa akimwita kwa jina la marehemu mkewe.

"Baba, kunywa uji kidogo."

"Sun-im, funga mlango. Ng'ombe watatoka."

Ng'ombe hao waliuzwa kabla Gyeong-rye hajaolewa. Aliweka bakuli chini, akajikunyata pembeni na kulia kimyakimya. Mumewe, Tae-sik, alikuwa kaburini mlimani. Mama mkwe yuko huko huko. Huyu akiondoka, atabaki yeye na mbwa.

Siku kadhaa nyuma yeye na mzee walikuwa wamepanda mlimani kufyeka nyasi za makaburi, kama ilivyo ada kabla ya Chuseok, sikukuu ya mavuno. Mzee alikataa kata kata mjane ashike mashine juu ya kaburi la mumewe. Watu wangesema nini? Akafyeka peke yake. Mbwa wao, Nurungji, alizama vichakani akatoka na majani masikioni, na waliporudi akalala ubavuni mwa mzee kama kawaida. Mzee huyu, mkali kwa kila mtu, kwa mbwa alikuwa laini kama tofu.

Baadaye Gyeong-rye aliona vipele vyekundu kwenye vifundo vya miguu yake mwenyewe, vimefuatana vitatu vitatu, kila kimoja na nukta katikati. Viroboto hao, aliwajua. Aliosha miguu kwa sabuni na maji baridi, akapaka dawa ya muwasho, akamtibu mbwa, akachemsha mablanketi yote. Vipele vikanywea, naye akajiona kamaliza kazi.

Homa ya mzee ilipopanda alimpeleka zahanati. Daktari aliuliza vizuri tu: "Mzee, umeumwa na mdudu wowote? Kuna alama mwilini?" Mzee akamtupia jicho mkwewe, aliyesimama pale na koti lake mkononi. "Sina," akasema. Wakapewa vidonge vya mafua. Wanaume wa Uiseong, wilaya yao, ndivyo walivyo: muulize mmoja habari za chini ya mkanda mbele ya mkwewe, atakubali kufa kwanza.

Sasa vidonge vilikuwa vimekwisha na mzee alikuwa akitapika maji matupu. Mchana jirani yao, bibi Ok-bun, aliingia na supu, akasimama mlangoni akinusa.

"Kulikoni? Mmeanza kuvundika soya kitandani?"

"Amejimwagia mchuzi, shangazi."

"Mchuzi gani? Si wewe uliyeniambia tumboni hakukai kitu tangu juzi?"

Hapo Gyeong-rye akakumbuka. Nyuki akimuuma mzee huyu, hukimbilia mtungi wa doenjang kabla hata hajapiga kelele; hupaka, hufunga kitambaa, basi, amepona. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake.

"Shangazi, ameumwa na kitu. Amekipaka na kukificha."

Walimkagua shingo, nyuma ya masikio, kwapa, mgongo, nyuma ya magoti. Hapakuwa na kitu. Gyeong-rye alipogusa kamba ya suruali, mzee akazinduka na kumkamata mkono kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua anazo.

"Mkwe! Una wazimu? Nitamtazamaje mwanangu?"

"Baba, tafadhali. Nakuomba."

"Achilia, Deok-su," Ok-bun alisema. "Mficha uchi hazai."

"Nimeshazaa! Na niliyemzaa nimemzika!"

Gyeong-rye aliona aibu, akaona hasira iliyozidi aibu.

"Na mimi nilimzika, Baba. Nawe nikuzike kwa sababu ya kamba ya suruali?"

Mzee akageuza uso ukutani na vidole vyake vikalegea. Machozi yalimtiririka hadi sikioni wakati mkwewe akimfungua.

Kwenye kinena, chini ya rojo lililokauka, palikuwa na kitu cha kijivu, kikubwa kama soya iliyolowekwa. Ungedhani ni chunjua. Lakini chunjua haina miguu.

"Kupe!" Ok-bun alishika kiberiti. "Mchome!"

"Usimguse! Ukimchoma atatapika humo humo."

Gyeong-rye alileta kibano cha nyusi. Hakubana tumbo. Alibana kichwani, karibu kabisa na ngozi, akavuta polepole, moja kwa moja, bila kuzungusha. Ngozi ilinyanyuka, ikang'ang'ana, ikaachia. Kupe alitoka mzima, akichezesha miguu. Doenjang haikumfanya kitu, huenda ilimnogea. Alimfungia kwenye chupa tupu ya dawa, akaosha jeraha na mikono kwa sabuni, akapiga simu kuita gari la wagonjwa.

Katika hospitali ya jiji la Daegu, daktari aliitazama chupa, akaenda kupima damu. Aliporudi hakuzunguka.

"Ni ugonjwa wa kupe. Hauna dawa yake. Sisi tutaushikilia mwili, mwili wenyewe upigane. Ingekuwa mmekuja..." Hakumaliza.

"Atapona?"

"Sijui, mama."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Gyeong-rye aliujua msemo huo, na sasa aliuchukia. Wauguzi waliingia wamevaa glavu na barakoa, tayari kumbadilisha mzee nguo.

"Wewe ni nani wake?" mmoja akauliza.

"Mkwe."

"Basi tupishe kidogo nje. Tunamvua."

Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia sauti nyuma yake, imekauka, haisikiki vizuri.

"Huyo si mkwe," mzee alisema, macho yamefumba. "Ni binti yangu. Anivue yeye."

Wakampa glavu. Gyeong-rye akarudi kitandani, akaanza na vifungo vya shati.