Uso wa Ticha

Chuo chetu kina utaratibu wa kuajiri wanafunzi wawafundishe wanafunzi wenzao. Unalipwa kwa saa, malipo ya kijungujiko, na unapewa beji yenye picha uliyopigwa hujajiandaa. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu, nasoma fizikia, na kazi yangu ilikuwa kuwavusha wa mwaka wa kwanza katika mekanika, yaani mambo ya boriti, mizigo na nguvu zinazosukumana. Wanaolijua wanasema ni somo jepesi. Wanaolirudia wanaliita majina nisiyoweza kuyaandika hapa.

Chumba chetu kilikuwa chini ya maktaba. Kulikuwa na meza zilizochubuka na viti vya plastiki. Kimoja kilikuwa na mguu mbovu na sijui kwa nini kila siku kiliniangukia mimi. Ubao haukufutika vizuri, kwa hiyo hesabu za leo tuliziandika juu ya makovu ya hesabu za jana. Mratibu wetu, bwana mmoja mpole mwenye sauti ya kubembeleza, alitufunda asubuhi moja tu kabla ya kutuachia watoto wa watu. Sheria yake kubwa ilikuwa kwamba mkufunzi hashiki kalamu ya mwanafunzi. Usimwandikie, usimtajie jibu. Akikosea, nyamaza umpe nafasi aone mwenyewe. Akienda vizuri, mtie moyo. Niliishika sheria hiyo kwa mikono miwili, nikajiona mkufunzi hodari kuliko wote mle ndani. Wanafunzi waliniita Ticha, nami niliitika bila aibu.

Kaka yangu alinitangulia kuzaliwa na alinitangulia chuoni. Alikuwa akisomea uhandisi, na hiyo mekanika ya mwaka wa kwanza ilikuwa imemwangusha mara mbili. Idara ilimwambia hapana longolongo tena: akianguka mara ya tatu, afungashe virago. Nyumbani hakuna aliyejua. Baba yetu ni fundi wa kuchomelea mageti, na tangu kaka achaguliwe kujiunga na chuo, mbele ya wateja hamwiti jina lake. Anamwita Injinia. Mteja akileta mchoro mgumu, baba anamwambia avute subira, Injinia akimaliza masomo atamchorea geti ambalo mtaa mzima utalisimamia kulitazama. Kaka akienda likizo anasikia hayo yote, anatabasamu, anakwenda kulala mapema.

Siku aliyokuja chini ya maktaba, alisubiri mpaka wanafunzi wangu wote wakaondoka. Kofia ilikuwa imeshuka hadi kwenye nyusi. Akakaa, akainyanyua beji yangu kwa kidole, akaisoma kana kwamba hanijui.

"Shikamoo, Ticha," akasema.

Nikamjibu marahaba, nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Tukaanza. Nilimpa muhula mzima, saa zangu za kazi na nyingine ambazo hakuna aliyenilipa. Somo langu mwenyewe la maabara lilipwaya na mhadhiri wangu akaanza kunitupia jicho la pembe, nikajitia hamnazo. Kaka alikuwa mwanafunzi mzuri kumtazama. Alichora boriti yake, akaweka mishale ya mizigo, akaandika mstari mmoja wa hesabu, akatua kidogo. Mimi nikasema "ehee". Akaendelea. Akiandika chanya mahali pa hasi, nilinyamaza, kama tulivyofundwa. Alikuna sikio, akafuta, akageuza alama. "Ehee." Mwishoni mwa muhula alikuwa anaifikisha boriti yoyote mwisho wake bila mimi kutaja jibu hata moja. Kalamu yake sikuigusa abadani.

Siku moja nilimpa mtihani wa zamani akaufanye bwenini. Alirudi nao mweupe, akasema wenzake chumbani wana kelele, afadhali aufanye hapa mbele yangu. Akaufanya, akapata karibu yote. Mwanafunzi mwingine angesema hivyo ningemhoji, maana mimi nina ulimi na watu wananijua. Lakini yule ni kaka yangu, na furaha ilikuwa imeniziba macho. Nilimpigia baba simu nikamwambia Injinia anakwenda vizuri sana. Baba alishangaa, akauliza kwani lini alikwenda vibaya.

Sasa, wakufunzi ndio hao hao wanaosimamia mitihani. Nilikuwa nimemweleza mratibu kwamba ndugu yangu yumo kwenye mekanika, akanipangia ukumbi mwingine. Asubuhi ya mtihani msimamizi mmoja wa ukumbi wa kaka akaugua. Mratibu akaniita kwa sauti yake ile ya kubembeleza, akasema ukumbi una mamia ya watu, nigawe karatasi tu, nisimame, nifunge mdomo. Ningekataa. Nimewahi kuwakatalia wakubwa kuliko yeye. Ila nilitaka kumwona kaka akiishinda ile mekanika, huo ndio ukweli, nikaenda.

Kaka aliponiona mlangoni, uso wake wote uling'aa. Nilidhani ni furaha ya kuona mtu wa nyumbani.

Mtihani ulikuwa bado mbichi mwanafunzi mmoja wa nyuma yake aliponyoosha mkono akitaka karatasi ya ziada. Kumfikia ilibidi nipite kando ya meza ya kaka. Nikaiba jicho. Swali la kwanza lilikuwa la boriti yenye mzigo upande mmoja, na alikuwa amelipata, alama zote mahali pake. Moyo wangu ulicheza ngoma. Hapo hapo akainua kichwa akanitazama usoni, akatua, kama anavyotua siku zote mwisho wa mstari.

Mimi ni msimamizi wa mtihani. Nikaukaza uso ukawa mkavu, nikapita.

Nilipogeuka baada ya kutoa ile karatasi, kaka alikuwa akikuna sikio. Kisha akapiga mstari kulikata swali lote la kwanza, akaanza upya na kugeuza hasi kuwa chanya.

Nilirudi mbele ya ukumbi nikasimama karibu na msimamizi mkuu, mama mmoja mhadhiri mwenye miwani, na kutoka pale niliona kila kitu. Kaka anaandika mstari, anainua kichwa, ananitafuta. Anasoma uso wangu. Uso hauna kitu. Anakata. Anaandika tena, anainua kichwa. Muhula mzima hakuwa akiisoma boriti, alikuwa akinisoma mimi. Hakujua kwa nini pale ni hasi. Alijua tu kwamba nikinyamaza ageuze, nikisema ehee asonge mbele. Nami nilikuwa nikimvika kilemba cha ukoka kila jioni huku nikijisifu kwamba kalamu sikuishika.

Niliwaza kutikisa kichwa. Kidogo tu, nani angeona? Shingo ilinikakamaa. Nikaenda kusimama nyuma kabisa ya ukumbi ili asinione, angalau akili yake ibaki kwenye karatasi. Akageuka kunitafuta. Mama mhadhiri akagonga meza, akamwambia kijana mwenye kofia atazame karatasi yake. Kaka akageuka mbele. Kuanzia hapo hakuandika tena. Alikaa na kalamu mkononi mpaka tukakusanya karatasi, na mimi ndiye niliyeichukua ya kwake.

Nilimkuta nje, kwenye ngazi za ukumbi, wenzake wakibishana majibu huku na huku. Nikakaa kando yake.

"Swali la kwanza ulilipata," nikamwambia. "Mara ya kwanza ulilipata lote."

Aligeuka taratibu. "Sasa mbona ulikaa kimya?"

"Ningesema nini, kaka? Ulikuwa mtihani."

"Si useme. Ungeniangalia tu, mdogo wangu. Ungeniangalia kama unavyoniangaliaga."

Nilitaka kumfokea. Nilitaka kumuuliza mtu mzima mwenye ndevu anawezaje kufanya hesabu kwa kusoma nyusi za mdogo wake. Lakini nani aliyemzoesha? Tukakaa pale mpaka ngazi zikabaki tupu.

Matokeo yalitoka na hayakumshangaza yeyote kati yetu wawili. Kaka alipanga nguo zake, akanigawia godoro na pasi, akaenda nyumbani kumwambia baba mwenyewe. Alikataa nimsindikize. Alisema hili ni lake.

Mimi nilirudi chini ya maktaba kwa sababu mkataba ulikuwa haujaisha. Mratibu alinipongeza: wanafunzi wangu wengi walikuwa wamefaulu, akasema anataka niwafunde wakufunzi wapya. Nilimwitikia ndiyo kwa kuwa sikuwa na nguvu ya hapana. Mchana huo, nikimsubiri mwanafunzi aliyechelewa, baba akapiga. Nyuma yake hapakuwa na mlio wa mashine. Hakufoka, na ningemshukuru kama angefoka. Alizunguka kwanza na habari za afya, akakohoa. Zile jioni zetu hakuzigusa kabisa, nikatambua kwamba kaka hakumwambia hata moja. Alikuwa amenificha, ili lawama zikianguka, ziangukie kichwa chake tu.

"Mwanangu," baba akasema, "si wewe chuo kinakulipa ufundishe hayo hayo masomo?"

"Ndiyo, baba."

"Watoto wa watu unawafundisha wanafaulu. Nduguyo hukumfundisha?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na muhula mzima wa majibu, na yote yalikuwa ya kweli. Mlango ukafunguliwa, mwanafunzi wangu akaingia anahema, akaketi, akatoa karatasi.

"Sikumfundisha, baba," nikasema.

Baba akasema haya, akakata simu.