Pengo kwenye Trei ya Mpimaji

Wateja walimwita baba yangu Kasoro, naye aliitika. Jina lilitokana na tabia yake ya kutaja ubaya wa sarafu kabla ya uzuri wake. Mtu aliingia dukani macho yamemtoka kwa hamu, na baba akainua sarafu kwenye mwanga wa dirisha na kuanza: "Hii iliwahi kusuguliwa. Ukingo huu umeliwa. Na hapa kuna mkwaruzo, mwembamba kama udevu wa panya." Akishaisema vibaya kiasi cha kutosha, ndipo alitaja bei. Kasoro hizo aliziandika kwa penseli juu ya kibahasha cha karatasi, kila sarafu na chake, na watu walinunua bila hata kutoa vioo vyao vya kukuzia mfukoni.

Mimi nilimaliza chuo, nikakosa kazi mwaka mzima, nikaja kumsaidia. Nilikuja na mipango. Niliamini, na bado naamini, kwamba mambo yakiwekwa wazi kila mtu hufaidika. Duka la baba halikuwa wazi. Lilikuwa na daftari.

Daftari lenyewe lilikuwa la jalada la bluu, limefungwa kwa mpira. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake, na humo baba aliandika sarafu alizozikosa mtu huyo. Ikija mojawapo, haikuonja kabati la kioo. Baba alimpigia simu mwenye pengo.

"Huu si upendeleo, baba?" nilimuuliza.

"Ni foleni," alisema. "Ila haionekani."

Nilicheka. Niliona ni ujanja wa wazee wa kugawana vitu vizuri wao kwa wao.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mzee tuliyemwita Mpimaji. Alipima ardhi mpaka akastaafu, na hata sasa hawezi kuingia mahali bila kuhesabu hatua. Alikuja kila Ijumaa saa nne.

"Kumi na moja toka mlangoni, Kasoro. Duka halijakua."

"Na wewe hujapungua tumbo. Kaa."

"Shahada, hujambo?" Mimi aliniita Shahada. "Umeshatuingiza wote kwenye kompyuta?"

"Sijambo, shikamoo babu. Wewe nimekuweka wa kwanza."

"Marahaba. Niandike kijana basi, nani atajua?"

Siku moja alitufungulia trei yake. Ilikuwa ya mbao, yenye vishimo thelathini na kimoja vilivyotandikwa kitambaa chekundu. Kitambaa alikishona mkewe, ambaye sasa ni marehemu. Vishimo thelathini vilikaliwa na sarafu ndogo za fedha, kila moja ya mwaka wake. Kimoja kilikuwa kitupu. Mwaka wa kishimo hicho madini yaliadimika na kiwanda kikatoa sarafu chache mno, lakini mke wake alishona nafasi yake hata hivyo. Baba alikuwa amemwahidi Mpimaji: ikija, ni yako kabla ya mtu yeyote. Ahadi hiyo ilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Sarafu ikaja Jumatatu, chini kabisa ya kopo la biskuti lililoletwa na familia iliyokuwa ikihamisha vitu vya babu yao. Mimi nilikuwa benki. Baba aliwaambia palepale wameshika nini, akawapa thamani yake. Hakumpigia simu Mpimaji. Alitaka Ijumaa auone uso wake. Akaandika kwenye kibahasha, "Mkwaruzo mdogo nyuma. Haijasuguliwa," akakiweka droo ya juu. Jumanne alfajiri alisafiri kwenda kuthamini sarafu za marehemu fulani mji wa jirani. Kwangu hakusema neno.

Jumatano nikafungua duka letu mtandaoni. Nilikuwa nimepiga picha kila kibahasha cha droo ya juu, nimenakili kasoro zake neno kwa neno, nimeweka bei wazi, bila kulinganisha miaka yake na daftari. Atakayewahi, kapata. Niliona ndiyo haki yenyewe. Dakika arobaini hazijaisha, ile ya mkwaruzo mdogo ikanunuliwa. Niliruka kutoka kwenye kiti. Nikamwandikia mnunuzi: "Ni yako. Itachukuliwa Ijumaa saa mbili asubuhi."

Ijumaa baba alirudi mapema, amevaa shati jipya. Alifungua droo.

"Iko wapi iliyokuwa juu hapa?"

Nilimweleza, na nilipokuwa nikieleza nikaona uso wake unavyobadilika, nikaenda mwenyewe kufungua daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mstari mmoja tu, mwaka wa sarafu ile.

"Bado ipo, baba," nilisema. "Hii hapa, nimeshaifunga. Namrudishia mtu pesa zake, yanaisha."

"Ulimwandikia nini?"

"Kwamba ni yake."

"Kwa jina la duka?"

"Ndiyo."

Alikaa. "Basi ni yake."

"Na Mpimaji?"

"Mpimaji ana neno langu, na huyo ana neno la duka. Wote wawili hawana kosa. Wakosaji ni sisi."

"Baba, huyo hata hatumjui!"

"Ndiyo maana," alisema.

Nililia. Nilimwambia ana kiburi, kwamba anamuumiza rafiki yake ili ajione mwaminifu. Saa mbili mtu wa vifurushi akapiga honi nje, na baba mwenyewe akabeba kifurushi akampelekea.

Saa nne Mpimaji akaingia. "Kumi na moja," alisema, kisha akatutazama. "Kuna msiba?"

"Kasoro kwanza, Mpimaji," alisema baba akiwa amesimama. "Ile yako ilikuja Jumatatu. Imeondoka leo asubuhi. Imeuzwa."

"Ni mimi, babu," nilisema. "Sikujua."

"Duka ni langu," alisema baba.

Mzee alishika ukingo wa meza. "Ilikuwaje?" aliuliza. "Namaanisha sura yake."

"Safi. Mkwaruzo mdogo nyuma."

"Mkwaruzo tungeuvumilia," alisema, akatoka.

Mchana ule nilimwandikia mnunuzi. Nilimweleza yote, kitambaa chekundu, miaka kumi na tisa, nikamwomba atuuzie tena kwa bei yoyote. Jibu lilikuja Jumatano. Lilikuwa na picha ya shingo ya msichana, na shingoni mkufu, na kwenye mkufu sarafu yetu, imetobolewa juu kwa mashine na kung'arishwa ikawa kama kijiko kipya. "Nimempa binti yangu, imempendeza mno," aliandika. "Pole kwa mzee. Huduma yenu ni ya haraka sana." Alitupa nyota tano. Zilikuwa za kwanza kwenye ukurasa wetu.

Nilimwonyesha baba. Aliitazama picha, akanirudishia simu kwa mikono miwili, kama kitu kinachoweza kumwagika.

Ijumaa iliyofuata Mpimaji alikuja na trei kwapani. Hakutaja hatua.

"Niuzieni," alisema. "Huko kwenye mtandao, kwa atakayewahi."

"Nyingine itakuja," alisema baba.

"Nina miaka themanini na mmoja, Kasoro. Pima mwenyewe." Akanigeukia. "Shahada, usilie. Ulitaka kila mtu apate."

Hakunitania. Ningependa angekuwa ananitania.

Nilipiga picha trei, nikaandika kasoro kwanza, kama nilivyofundishwa: "Pengo moja. Sarafu yake ilipatikana, duka hili likaiuza kwa mwingine." Baba alisoma, akasema niache hivyo hivyo. Kwa hiyo watu wakasoma.

Jumamosi aliingia daktari wa meno, mteja wetu tangu nikiwa mtoto. Baba aliinua sarafu dirishani. "Ukingo una pigo dogo hapa. Vinginevyo haijaguswa."

"Vizuri," alisema daktari. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kioo cha kukuzia, akajikohoza. "Si kwamba sikuamini, Kasoro. Ni mazoea tu."

Baba akamsogezea taa.